Nafasi ya Mwisho Chuo cha Madaraja

Ninayosimulia ni kweli tupu. Nimestaafu na akili zangu zote, na akitokea mtu wa kunikanusha, kahawa ya kila aliyeketi kibandani hapa ni juu yangu.

Siku ya maonyesho ya vyuo ukumbi ulifurika. Vyuo vimepanga meza, wazazi wanasukumana, watoto waliofaulu wanavutwa mikono huku na huku. Kijana mmoja, mwenye shingo ndefu hadi tukamwita Twiga, alikuwa akielekea meza ya chuo cha kilimo. Yule ni mtoto wa mwalimu. Kila mtihani shuleni kwao yeye ndiye wa kwanza, na dirisha la chumba chake limejaa miche kwenye makopo. Ndipo akamkanyaga binti wa fundi wa kuchomelea.

"We kaka, hicho ni kidole, si ngazi!"

"Samahani, dada. Nimekuumiza?"

"Nitapona. Adhabu yako, nishikie mkoba."

Binti alivaa gauni la njano lililotobolewa upindo na cheche za karakana ya baba yake, na alilivaa kama limetoka dukani jana. Macho yake yaliganda kwenye kidaraja cha mfano kilichokuwa kwenye meza ya chuo kimoja.

"Ni chuo hiki tu kinachofundisha kujenga madaraja," alisema. "Nayataka tangu namshikia baba vyuma. Wewe je, unakwenda kusomea nini?"

Twiga akaitupia jicho meza ya kilimo. "Madaraja."

"Hebu! Basi tutakaa dawati moja, shingo wewe."

Simu zikaanza. "Umekula, mhandisi wangu?" "Bado, nakuwaza tu." Kila akiitwa mhandisi, Twiga aliipa miche yake mgongo, kama inamsikia.

Chuo kile kilichukua watu kwa alama, kutoka nchi nzima, na nafasi ni chache. Ya mwisho akaipata Twiga. Aliyemfuata, akabaki nje, alikuwa binti wa fundi. Mtu aliyezoea kuwa wa kwanza hakuwahi kujiuliza nafasi humwishia nani.

Binti akapiga simu. "Hongera."

"Mpenzi, nisikilize. Mimi hata siyapendi madaraja! Nilitaka tu kuwa karibu nawe."

Binti akajibu taratibu: "Afadhali ungekuwa unayapenda." Akakata.

Basi pale ndipo aibu ilipomwingia Twiga. Majirani wanakuja kumpongeza, yeye anatazama viatu vyao. Mama anamwita "mhandisi" mbele ya wageni, chakula kinamgeuka mchanga mdomoni. Akipiga simu, haipokelewi. Akipita karakana, anavuka barabara, shingo ameikunja kama mwizi wa kuku.

Sasa sikilizeni. Alfajiri moja akapanda mnara wa chuo, mrefu kuliko mawingu, akapaza sauti: "Naiachia nafasi hii! Apewe mwenyewe!" Binti akaja mbio, gauni la njano likipepea. Twiga akapiga goti kule kule juu, akamwomba uchumba, mji mzima ukashangilia. Nilikuwepo, nilimshikia viatu...

"Mnara gani, babu?"

Nikageuka. Mama mmoja amesimama nyuma yangu, kofia ngumu ya kazini kwapani. Pembeni yake mwanamume mwenye matope kwenye buti, na shingo, jamani, ile ile.

"Chuo kile hakina mnara," mama akasema. "Na huyu akipanda kiti anashika ukuta. Alikwenda ofisini kimya kimya, akajitoa, nafasi ikanifikia mimi. Halafu akaja karakana, akasimama mlangoni. Alilia mpaka baba akampa kitambaa cha kufutia grisi."

"Uso ukawa mweusi tii," mwanamume akasema, akitazama chini hadi leo.

"Nikamwambia nenda kilimo, mpumbavu wangu, kila jioni unipigie unieleze miche imefika wapi. Na uchumba hakuomba yeye. Niliomba mimi, yeye bado anapenga kamasi."

Kibanda kizima kikanigeukia. Nikajikuna kichwa, nikaingiza mkono mfukoni. Nikawalipia wote, babu mzima, macho chini. Twiga alikunywa vikombe viwili, akaniomba radhi kwa cha pili.