Pacha wa Bamba Jeusi

Kila asubuhi, kabla mashine hazijawashwa, Mama Mikanda alipita kati ya safu za mabamba ya mawe akivuta mkanda mmoja baada ya mwingine. Jina hilo alipewa karakanani kwa utani, naye hakulikataa. Bamba moja lina uzito wa ng'ombe. Lisipoegemezwa vizuri kwenye fremu yake ya chuma na kufungwa barabara, linaua. Jumanne hiyo alikuta mkanda wa bamba jeusi umefunguliwa, umekunjwa nadhifu na kuwekwa sakafuni kama shuka.

Akamwendea mumewe, mkata mawe. "Umefungua wewe?"

"Nani hapa ana ubavu wa kugusa mikanda yako?" mumewe akacheka.

Akaufunga upya. Jumatano akaukuta umekunjwa tena. Bamba lilikuwa linatoka jasho, linanuka kama kisima kilichotelekezwa, na ukilikaribia ulisikia pumzi.

"Tulitoe nje," alinong'ona.

"Kreni ni mbovu. Fundi wake anakuja kesho." Safari hii mumewe hakucheka.

Saa saba mchana, wenzao walipokwenda kula, Mama Mikanda alisikia sauti ya mumewe ikitoka katikati ya mabamba. "Njoo unishikie hapa kidogo."

Akaingia. Njia ilikuwa nyembamba, mabega yakigusa mawe huku na huku. Hakukuwa na mtu. Alipogeuka, akamwona mumewe kule mlangoni, ndiyo kwanza anaingia na sahani mbili za chakula. Akataka kumkimbilia lakini miguu ikagoma, na ile pumzi ikamjia shingoni, baridi, na bamba jeusi likaanza kuinama polepole bila mlio wowote, na mumewe akatupa sahani akaja mbio, yeye aliyewafundisha wote kwamba jiwe linaloanguka halishikwi, akamvuta mkewe, akamsukumia nje, akabaki yeye.

Bamba lilimbana kwenye safu ya nyuma, kifuani na mguuni. Wenzao walirudi wakahangaika na mitaimbo, lakini kila walipoliinua lilizidi kumkandamiza. Midomo yake ilishaanza kubadilika rangi.

"Muiteni shangazi," alisema kwa taabu.

Shangazi yake, mganga aliyejua kuzungumza na majini, hakukawia. Aliweka kiganja juu ya jiwe, akafumba macho. "Unataka nini kwa watoto wangu?"

Jibu lilitoka kinywani mwa mkata mawe, lakini sauti ilikuwa ya mwanamke. "Tulikuwa jiwe moja, mimi na mwanangu. Mkatupasua. Nirudishieni mwanangu."

Mama Mikanda akakumbuka. Pacha wa bamba lile alikatwa Jumatatu, kwa mkono wa mumewe huyohuyo, akawa vipande vya ngazi. Watu walikuwa tayari wanamkanyaga.

"Mwambie kweli, mwanangu," shangazi alimnong'oneza. "Jini hadanganywi. Tutaomba radhi, tutaona."

"Atakufa tukiwa tunaomba radhi, shangazi." Akapiga magoti, paji la uso juu ya jiwe lile baridi. "Mwanao yuko salama," alisema. "Mwachie mume wangu. Kesho nitakuletea."

Bamba likainuka lenyewe, likasimama wima. Wakamvuta mkata mawe akiwa hai. Shangazi alijifunga kanga yake vizuri, akamtazama Mama Mikanda kwa huruma, akaondoka bila kuaga.

Kesho yake, hospitalini, daktari alisema mguu utapona. Mgonjwa aliomba chai, akaulizia zile sahani kama zilivunjika, na mkewe akacheka mpaka machozi yakamtoka. Akaushika mkono wa mumewe, akakaa nao hivyo, akimshukuru Mungu.

Ilipotimu saa saba, mkono ule ukawa mzito. Akajaribu kuuachia, vidole vikamkaza. Mumewe alikuwa anamtazama bila kupepesa macho.

"Leo ni leo," ikasema ile sauti ya mwanamke, taratibu. "Asemaye kesho ni mwongo."