Mzigo Ulale kwa Baba

Mlima wa tatu ndio uliomtukanisha Palak.

Alianza kwa Kigujarati, akamalizia kwa Ekegusii, lugha ya Wakisii, kisha akashuka na kuisukuma baiskeli yake ya Trek kwenye udongo mwekundu uliolowa. Kando ya barabara ya Ogembo, jamaa wa boda boda walikuwa wanamtazama.

"Madam, hiyo baiskeli haina gia?"

"Iko nazo ishirini na moja."

"Basi si utumie hata moja tu!"

Wakacheka mpaka mmoja akashika tumbo. Wacha wacheke. Vijana wa Thadeus Ogoti, mwizi aliyekuwa akimwinda, walikuwa wametega macho kila steji, kutoka Nyaramba hadi Ogembo, wakivizia magari ya wageni kutoka Nairobi. Lakini Mhindi anayezunguka milima ya Kisii na Nyamira peke yake kwa baiskeli, eti kwa starehe? Huyo alikuwa kichekesho tu. Hakuna aliyejua kwamba chini ya vitumbua vyake kwenye begi kulikuwa na bastola ya Glock.

Amri ya makao makuu, Mnara kwa jina la siri, ilikuwa imeingia alfajiri kwenye simu ya setilaiti; yeye Palak walimwita Kozi.

"Kozi, hapa Mnara. Tumenasa simu ya Thadeus. Mzigo uko nyumbani kwa baba yake, Ogembo. Mnunuzi anauchukua leo saa nane. Mtangulie."

Mzigo wenyewe ulikuwa chupa ya chuma ya kutunza baridi kali, iliyoibwa maabara. Ndani yake mlikuwa na vichupa vya virusi vya ugonjwa wa miguu na midomo. Binadamu haumdhuru, lakini ng'ombe haumwachi. Mnunuzi, mgeni mmoja aliyetumwa na wauza maziwa ya unga wa ng'ambo, alitaka kuumwaga kwenye mabirika ya kunyweshea ng'ombe Borabu. Ng'ombe wa pale wakikauka maziwa, watu watanunua maziwa ya nani? Ya hao hao.

Palak alizaliwa Kisii mjini, akakulia nyuma ya kaunta ya duka la baba yake, Prakash. Kina mama wa Borabu aliwajua kwa majina. Ndiyo maana alisukuma baiskeli.

Alimkuta Mzee Ogoti, baba yake Thadeus, amekaa kwenye kigoda, anapukuchua mahindi.

"Mzee, naomba maji ya kunywa."

"Ingia tu, mwanangu. Unatoka wapi na hicho chuma?"

Mzee alipokwenda kuchota maji, Palak akatoa kamera ya kupima joto, akaizungusha. Nyumbani, jikoni, ghalani. Chupa ya baridi kali ingeonekana doa jeusi kabisa. Aliona kuku, mbuzi, na paka aliyelala.

Hakuna chupa.

"Nasikia una kijana anaitwa Thadeus," alisema akipokea kikombe.

Mzee akatema mate kando. "Huyo hajakanyaga hapa tangu nioe mke mdogo. Hata salamu yangu hapokei. Umesikia yuko wapi?"

Palak alirudi barabarani damu ikimchemka.

"Mnara, hapa Kozi. Hakuna kitu! Hawa hata hawasalimiani!"

"Haiwezekani. Alitaja baba yake."

"Nisomee maneno yenyewe. Yenyewe!"

Karatasi zikachakarika. "'Mzigo ulale kwa baba.' Mengine ni kilugha, mtambo haukuyatambua."

"Mtambo?"

"Kozi, punguza sauti."

"Afande, hapo ofisini mna Mkisii hata mmoja aliyesikiliza hiyo simu?"

Palak hakungoja jibu.

"Kwa Ekegusii, baba ni mama."

"Rudia?"

"Baba ni mama! Baba mnayemjua nyinyi wanamwita tata! Mmenipandisha milima yote hii kwa neno ambalo mtoto wa chekechea wa hapa angewaelezea!"

Mnara akakohoa. "Mama yake anaitwa Bathsheba. Waliachana na mzee. Anaishi... Nyansiongo."

Palak akafumba macho. Nyansiongo, mbali kupita Keroka, alikuwa amepita jana. Alikaa pale akanywa soda, akavua viatu kabisa.

"Tumeni ndege."

"Ukungu. Kikosi kimeondoka Kisumu kwa gari. Wewe ndiye wa karibu."

"Karibu! Mungu wangu, karibu!"

Kuchukua boda asingeweza. Mwendeshaji yeyote angempigia Thadeus kabla hajafika Keroka. Akapanda baiskeli. Kisii mjini alipita mbele ya duka lao kichwa kimeinama, na bado Prakash akamwona, akapiga kelele kutoka mlangoni, "Palak! Umekula?" Hakujibu. Kupanda Keroka mnyororo ukakatika. Akauunga kwa mikono, grisi mpaka usoni, huku mvua ikimnyeshea bila huruma.

Saa nane ilikuwa imekaribia alipoingia kwa Bathsheba.

"Mbuya ore, baba?" alisalimu akihema.

Mama alicheka kwa furaha. "Mhindi anaongea kama sisi! Kaa, mwanangu. Umekuja wakati mzuri, mtoto wangu anakuja leo."

Juu ya meza, chini ya kitambaa cha kufuma, ilisimama chupa ya chuma inayong'aa.

"Thadeus ndiye aliniletea. Ya chai," Bathsheba alisema, akiipangusa kwa khanga. "Nilikataa kuifungua peke yangu. Nikasema, akija tutakunywa pamoja. Ngoja niisuuze sasa, maji yamechemka."

Akashika kifuniko.

"Usifungue!"

Mama akaruka. Akaikumbatia ile chupa kifuani.

"Kumbe wewe ni mwizi?"

"Baba, hiyo si ya chai. Ndani kuna ugonjwa. Ukiimwaga hapa, yule ng'ombe wako pale nje hatatoa maziwa tena, na wa majirani pia."

"Mtoto wangu aniletee ugonjwa? Toka kwangu!"

Prado ikafunga breki uani. Thadeus aliingia kwanza, suti imembana. Nyuma yake mgeni mrefu, mkono ndani ya koti. Palak hakuwa na nafasi ya kufikia begi lake. Bastola ya mgeni ilikuwa imeshatoka.

"Baba, lete hiyo chupa," Thadeus alisema.

"Hata salamu?"

"Tuna haraka. Lete."

Bathsheba alimtazama mwanawe, akamtazama Palak, akaitazama bastola. Kisha akaketi polepole.

"Sawa. Lakini kwanza tunywe chai. Namimina humu ndani."

Akakizungusha kifuniko kidogo.

"Usifungue!" Thadeus alipiga kelele, akarudi nyuma mpaka ukutani. "Baba, usifungue!"

Basi. Kama ni ya chai, angeogopa nini? Mama akakikaza kifuniko, akanyoosha mkono, na chupa akampa Palak.

Mgeni akageuza bastola kumfuata mama. Kosa hilo.

Palak, chupa kwapani, aliizoa sufuria ya maji kwenye jiko, akamrushia kifuani. Risasi ikatoboa bati. Kabla mgeni hajamaliza kupiga mayowe, goti lilikuwa shingoni mwake na bastola iko mkononi mwa Palak.

"Thadeus. Lala chini."

Akalala.

Kikosi kilifika baadaye kwa ving'ora, kama kawaida yao, kazi ikiwa imekwisha. Wakaibeba chupa kwenye sanduku la barafu. Wakambeba na mgeni.

Bathsheba alisimama juu ya mwanawe aliyefungwa pingu.

"Thadeus, ulikuja kuniona mimi ama ulikuja kuona chupa?"

Thadeus aliangalia sakafu.

  Mama akachukua ndoo ya kukamulia, akaelekea mlangoni, kisha akasimama karibu na Palak na kumwambia kwa sauti ya chini:

"Waambie askari wasimkaze sana mkono wa kushoto. Ulivunjika akiwa mdogo, baridi ikiingia unamuuma."

Simu ya setilaiti ilikuwa inaita. Mnara, bila shaka, na hongera zao. Palak aliiacha iite. Aliinama, akailegeza pingu ya mkono wa kushoto wa Thadeus, akapanda baiskeli na kuingia barabarani.