Kosa la Jumapili

"Hii ndiyo barua ya mchumba?" Gwenllian aliitupa telegramu mezani. "Isome mwenyewe usikie utamu wake."

Idwal Beddoe, aliyeshuka treni ya Cardiff muda mfupi tu uliopita, aliyasoma maneno yake mwenyewe bila kuvua kofia: HARUSI YA JUMAMOSI TUISOGEZE MBELE. MKUTANO MUHIMU. SAMAHANI.

"Gwen, uchaguzi umebaki wiki tatu."

"Mwaka jana kisingizio kilikuwa mgomo. Baada ya Pasaka ikawa kamati. Gauni langu linaliwa na nondo, Idwal."

Bonde zima la migodi lilimjua Idwal. Wachimbaji walimchagua kwanza asimamie mizani mgodini ili wasipunjwe uzito wa makaa yao ya mawe, na sasa walitaka aende Bungeni, mfanyakazi wa kwanza kutoka kwao. Kwa habari ya mapenzi, mwanamume huyo alikuwa bure kabisa.

"Kuna jambo lingine," alisema, akizunguka jikoni. "Jana nilihutubia mlimani."

"Jana Jumapili? Siasa, siku ya Bwana? Baba akisikia..."

"Baba yako ndiye aliyenishtaki. Jumatano kanisa linapiga kura kunitenga. Wachimbaji hawana siku nyingine ya kunisikiliza, Gwen, ningefanyaje? Nikitengwa, hapa hakuna atakayenichagua."

Gwenllian akamtazama vizuri. Kanisani, tofauti na katika uchaguzi wa Bunge, mikono ya wanawake nayo ilihesabiwa kwenye kura.

"Umenifuata mimi, au umefuata mkono wangu?"

Idwal akavua kofia. Gwenllian alimpenda mtu huyu, na hilo ndilo lililomkera kuliko yote.

"Nilipokuuliza habari ya kura za wanawake, ulinijibuje?"

"Nilisema mngoje kidogo."

"Basi na wewe ngoja. Mlango huo hapo."

Siku mbili zilizofuata Gwenllian hakutulia. Aliingia jiko la nyumba hii na kutoka la ile, akiwakatiza akina mama kufua nguo, wala hakumwambia baba yake alikokuwa.

Jumatano kanisa lilifurika. Mzee Hopcyn Prosser, baba yake Gwenllian, alisimama mbele pamoja na wazee wenzake.

"Wanaotaka ndugu Beddoe atengwe, wanyooshe mikono."

Akahesabu. Kisha akawaita wanaotaka abaki, akahesabu tena. Wanaume walilingana. Wanawake hawakunyoosha hata mmoja.

"Akina mama vipi?" mchungaji aliuliza. "Mmelala?"

Gwenllian akasimama.

"Tuna swali kwanza kwa ndugu Beddoe."

"Keti, binti yangu," baba yake alisema.

"Nitaketi nikishajibiwa, baba." Akamgeukia Idwal. "Ukifika Bungeni, utadai na sisi tupige kura?"

"Chama bado hakijaamua."

"Sikuchumbiwa na chama. Nakuuliza wewe."

Mtu akacheka nyuma. Idwal aliwatazama wachimbaji waliomwunga mkono. Wengi walikuwa wamekunja nyuso, na mmoja alimtikisia kichwa waziwazi kumwonya. Gwenllian aliyaona yote hayo, akaogopa jibu. Idwal akikwepa leo, alijua, yeye hatakubali tena kuolewa naye.

"Nitadai," Idwal alisema. "Chama kikikataa, nitadai peke yangu. Ningekujibu hivyo siku ile, Gwen. Niliwaogopa hawa waliokaa hapa."

Wachimbaji wawili walichukua kofia zao wakatoka. Gwenllian akanyoosha mkono, na nyuma yake benchi zote za wanawake zikanyoosha. Mzee Hopcyn alihesabu mpaka sauti ikamkauka, kisha ikambidi atangaze mwenyewe kwamba Beddoe amebaki.

Nje, Idwal alimfuata mbiombio.

"Tufunge ndoa Jumamosi hii hii. Mkutano nitauahirisha."

"Usithubutu. Ndoa saa nne asubuhi, mkutano saa nane mchana."

"Siku ya harusi nikuache nyumbani peke yako?"

"Nani kakwambia nitakaa nyumbani? Nitatangulia kuhutubia mimi. Nikimaliza, nitakuachia dakika chache."

Idwal, aliyewahi kunyamazisha umati mzima wa wagomaji, alicheka akakubali kushindwa. Akamshika mkono mbele ya kanisa lote, na baba mtu akiwa anawatazama mlangoni.

"Dakika ngapi?" aliuliza.

"Itategemea utakavyonijibu madhabahuni."