Nzi Mwekundu wa Babu

Kila Jumamosi, kabla hata chai haijachemka, Chiriku na babu yake walikaa dirishani wakitengeneza nzi. Si hawa wanaotusumbua jikoni, bali nzi wa bandia wa kuvulia samaki. Babu alikuwa fundi cherehani mstaafu, hivyo nyuzi alikuwa nazo za kila rangi. Alizungushia uzi kwenye ndoano ndogo, akabana kiunyoya cha kuku, na mara kile kitu kikawa na mabawa. Siku hizi mikono ilimtetemeka, kwa hiyo mafundo ya mwisho aliyafunga mjukuu wake, huku akipiga soga bila kituo. Ndiyo maana aliitwa Chiriku.

Jumamosi moja Babu aliamka akiumwa kifua, na muuguzi akamkataza baridi ya mtoni.

"Nenda na wenzako," Babu alisema. "Sheria za mto unazijua."

"Nazijua. Tunavua kwa nzi tu, na trauti asiyefika shubiri anarudishwa majini."

"Haya. Niletee mmoja nimwone. Nimechoka kutazama ukuta."

Mto ule mdogo ulishuka mlimani kwa kasi, maji yake yakiuma vidole kwa baridi. Chiriku alirusha mshipi asubuhi nzima. Trauti, samaki wale wa maji baridi, waliibuka, wakamsogelea nzi, wakageuka. Binti wa mwoka mikate, aliyekuwa akivua ng'ambo, alichoka akaenda zake. Chiriku alimfikiria Babu kitandani. Akaangaza huku na huku, akafukua nyungunyungu chini ya jiwe, akamtunga kwenye ndoano tupu.

Samaki wa kwanza hakufika hata nusu shubiri, na ndoano alikuwa ameimeza yote. Chiriku alivuta, damu ikatoka, mshipi ukakatika. Akamrudisha majini, naye akaelea ubavu. Wa pili akawa vilevile. Hata hivyo akatunga tena. Wa tatu alikuwa mnono, mwenye madoa mekundu.

Nyumbani, Babu alipomwona samaki huyo aliinuka kitandani akakaa. "Lo! Huyu kadanganyika kwa nzi yupi?"

"Yule mwekundu, Babu."

Uso wa mzee ulichanua. Papo hapo akaagiza kisanduku chake cha nyuzi, akaanza kufunga nzi wekundu, mmoja baada ya mwingine, akijichoma vidole. "Hawa ni wa wenzako," alisema. "Nao wasihangaike."

Jioni ile Chiriku alisukuma sahani yake kando.

Kesho yake mlinzi wa mto alibisha hodi. Alikuwa mama mmoja mwenye mabuti ya mpira yaliyojaa matope.

"Shikamoo, Mzee. Nawapitia wavuvi wote kuwajulisha. Nimeokota trauti wadogo wawili, wamekufa na ndoano tumboni. Kuna aliyetumia nyungunyungu. Binti wa mwoka mikate alionekana pale. Kuanzia leo hakanyagi mtoni."

Chiriku alijua kwamba akinyamaza, hakuna atakayemuuliza.

"Si yeye," alisema. "Ni mimi. Na yule mkubwa pia nilimvua kwa nyungunyungu, Babu. Nzi mwekundu hata hakumgusa."

Babu aliweka uzi chini. "Kwa hiyo wote hawa nimewafunga bure?"

"Nisamehe, Babu. Nilitaka ufurahi."

Mlinzi alivuta kiti. "Sikiliza, mwanangu. Nzi humnasa samaki mdomoni, ukamwachia akiwa mzima. Nyungunyungu humezwa mpaka tumboni. Hao wadogo tukiwamaliza, mwakani mtavua mawe. Mwezi mzima hutavua. Kila Jumamosi utaokota takataka ukingoni pamoja nami. Na sasa hivi twende kwa mwoka mikate, ukaseme mwenyewe."

Walikwenda. Binti yule alisikiliza amekunja uso. "Ningefukuzwa bure!" alisema. Chiriku aliomba radhi mara mbili, na mara ya pili mwenzake akaitikia, "Haya, yameisha. Lakini usirudie."

Mwezi ulikwisha. Siku ya kwanza ya kuvua tena, Chiriku alirudi nyumbani amelowa mpaka magotini.

"Sikupata kitu, Babu. Hata mmoja."

Babu alimsogezea kiti karibu na kitanda. "Mjukuu wangu, siku ile mimi sikuwa na njaa ya samaki. Nilitaka habari za mto nisioweza kuufikia. Ukinidanganya, unaniacha palepale ukutani. Ukinieleza kweli, hata ukija mikono mitupu, nami nimefika. Haya, maji yalikuwaje leo?"

Chiriku alikaa, akaanza kusimulia.