Ikigage kwa Kabatesi

"Mwewe, mtama umeiva. Vuna."

Sauti ikakatika. Shema akachomoa kidude sikioni, akavuka barabara ya Mbugangari, mtaa wa mpakani, jerikani mkononi.

Chini ya jaketi, Glock 19. Hiyo ilikuwa ya kutorokea tu.

Kazi yenyewe ilikuwa ndani ya jerikani: ikigage, pombe ya mtama, na sumu isiyo na harufu.

Kabatesi alikuwa mtunzi wa hadithi. Aliikimbia Jamhuri ya Tambare baada ya kuandika juu ya askari magereza aliyempa mfungwa maji. Huko, ukikutwa na kitabu hicho, hutarudi nyumbani. Idara ya ujasusi ya huko haikutaka aandike cha pili.

Na Idara ilikuwa imemshika mke wa Shema.

Shema alijitambulisha kuwa msomaji. Kabatesi akamkaribisha bila maswali. Mkekani aliketi jirani, Drocella, muuza nyanya wa kivuko cha mpakani cha Petite Barrière, akipumzisha miguu. Shema akamimina, akampa mwenyeji kikombe kwa mikono miwili.

Kabatesi hakunywa.

Drocella akaangua kicheko. "Eh, mugeni! We hauonje kwanza? Unataka kutuua?"

Shema alizaliwa Tambare. Idara ilimfundisha kufungua kila kufuli. Haikumfundisha kwamba hapa mwenye pombe huonja kwanza, wenzake wakimwona.

"Bon, usione haya." Drocella akakichukua kikombe. "Masikini, hajui desturi. Mi nitaonja mu jina lake."

Kikombe kikafika mdomoni.

Shema akakipiga kofi. Pombe ikatapakaa sakafuni.

"We mutu, uko na wazimu?"

Kabatesi aliitazama sakafu, kisha akamtazama mgeni. 

"Wamemshika nani?"

"Mke wangu."

Simu ikatetemeka. Neno moja: *Picha.*

"Wanataka kuona maiti," Shema akasema.

"Nikienda polisi?"

"Watajua u hai. Atakufa leo."

"Na nikilala hapa kama maiti?"

"Labda watamwachia. Lakini hutaandika tena, mama. Ukichapisha neno moja, watamrudia."

"Hata hili la leo?"

"Hili hasa."

Kabatesi akavua kilemba. Akajilaza kando ya pombe, shavu sakafuni, mdomo wazi kidogo. Alikuwa ameona maiti nyingi. Alijua zinavyolala.

"Drocella, lia."

"Nimulilie nani?"

"Mimi."

Drocella alianza kama mzaha. Halafu akashindwa kunyamaza.

Shema akabofya Samsung yake. Picha ikaondoka.

Jibu likaja: "Safi, Mwewe. Rudi nyumbani."

Shema akafunga zipu ya jaketi, akatoka, akashuka polepole kuelekea mpakani kama mtu aliyekuja kutembea tu.

Hakuuliza habari za mke wake. Alijua wangemjibu kwamba yu mzima, hata kama si kweli.