Shingo ya Mama Bibi Harusi

Zilibaki siku sita binti aolewe, na gauni lilikuwa bado halina mikono. Mama yake, fundi cherehani, alikuwa ameinamia mashine tangu asubuhi. Mteja akabisha hodi upande wa kushoto. Fundi akataka kugeuka, shingo ikagoma. Ikabidi ageuke mwili mzima pamoja na kiti. Mteja akamtania kwamba amekwisha kuanza kuringa, na mkwe mwenyewe bado hajampata.

Fundi hakucheka. Ukumbini mama hukaa mbele, na bibi harusi huingia kwa mlango wa nyuma.

"Nitamwonaje mwanangu akiingia?" alimuuliza mumewe.

Mume, seremala asiyekosa jibu, akasema kinyozi jirani ataizungusha shingo mara moja, ilie kwaa, mambo yaishe. Alikwisha kuvaa ndara kwenda kumwita. Mlangoni akakutana na dada yake, anayefundisha wagonjwa mazoezi ya viungo hospitalini.

"Kaka, shingo si kifuniko cha chupa," akasema wifi mtu. "Humo mna mishipa ya damu na ya fahamu. Ukiipinda kwa nguvu utamlemaza mke wa watu."

"Ni mke wangu."

"Basi mwonee huruma."

Akamuuliza wifi yake kama alianguka, kama ana homa, kama mikono inakufa ganzi. Lolote kati ya hayo lingewapeleka kwa daktari siku hiyo hiyo. Fundi akasema hana hata moja.

Wifi akamkalisha kaka yake kitini awe mfano, akamwambia ageuze uso kushoto. Upande wa kulia ukatokeza msuli mrefu, kutoka nyuma ya sikio hadi juu ya kifua.

"Umeona? Msuli wa kulia ndio unaopeleka uso kushoto. Na hii ya nyuma, mpaka mabegani, inashikilia kichwa kisianguke. Kichwa kina kilo kama tano. Ukiinama kutwa, misuli hii haipumziki. Ikichoka, inakaza."

Kisha akaitazama meza ya cherehani, fupi kama ya mtoto, akauliza ni seremala gani aliyeitengeneza. Kaka yake akakohoa. Kweli, kinyozi hajinyoi. Jioni ile ile akaiinua meza kwa vipande vinne vya mbao.

Kwa maelekezo ya wifi yake, fundi akawa anakanda shingo kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Aligeuza kichwa polepole, kulia na kushoto, bila kulazimisha palipouma. Kila nusu saa aliacha kushona, akainua kichwa na kuzungusha mabega. Maumivu yakapungua siku hadi siku, na gauni likapata mikono yake.

Siku ya harusi mlango wa nyuma ukafunguliwa. Ukumbi mzima ukageuka. Fundi naye akageuka, shingo peke yake, kiti kikabaki palepale. Furaha ikamjaa hadi machozi yakamtoka.

Binti alipofika karibu, akamnong'oneza, "Mama, shingo je?"

"Inageuka, mwanangu. Wewe tembea tu, nikutazame."