Wahuni Waliokwenda kwa Diwani

Kila asubuhi, wanafunzi walipokwisha kupanga mistari, msichana mmoja wa darasa la sita alisimama mbele na kuwasomea habari za gazetini. Sauti yake ilisikika hadi jikoni, ndiyo maana wenzake wakambandika jina la Redio. Jina lilimvimbisha kichwa.

Jumatano moja mwalimu wa zamu alimpa gazeti na kumwonyesha ukurasa. Redio hakuipitia habari kwanza kama alivyofundishwa. Alivuta pumzi, akasoma: "Genge la wahuni jana lilivamia ofisi ya diwani. Kiongozi huyo mpenda maendeleo alionyesha uvumilivu mkubwa." Penye "wahuni" alikaza sauti mpaka ikapasuka. Wanafunzi wakacheka na kumpigia makofi.

Alasiri aliporudi nyumbani alimkuta mama yake, muuza nyanya, ameketi kitandani na viatu miguuni.

"Shikamoo, mama."

"Leo umenitangaza shuleni?" mama aliuliza.

"Mimi? Nimekutangazaje?"

"Jirani kaletewa habari na mwanawe, akanifuata sokoni kunicheka. Wahuni wenyewe si ndio sisi? Jana tulikaa kwenye benchi la diwani tangu asubuhi, tukiuliza maji ya soko yatarudi lini. Diwani mwenyewe akatoroka kwa mlango wa nyuma!"

Redio aliona aibu. Jana yake asubuhi mama alikuwa amemuaga akimwambia kwamba wauza mboga wanakwenda kumwona diwani. Alijua kabisa! Lakini alipoona neno wahuni hakumfikiria mama yake hata kidogo, maana mama yake si mhuni. Basi alimtukana mzazi wake mbele ya shule nzima, tena kwa mbwembwe.

Kesho yake alimfuata mwalimu, machozi yakimlengalenga. Mwalimu aliisoma ile habari upya, taratibu, akaguna.

"Hata mimi nilikupa bila kuisoma vizuri. Haya, ondoa matusi, ondoa na sifa. Nani kafanya nini?"

"Wauza mboga walikwenda kuuliza maji. Diwani akatoka bila kuwajibu."

"Na mwandishi kamhoji nani?"

Redio alipitisha kidole mstari kwa mstari. "Diwani peke yake."

Ijumaa aliisoma habari tena mbele ya wenzake, kwa maneno hayo machache. Kisha akasema, "Mmoja wa waliokwenda ni mama yangu. Nilimwita mhuni, nami nilikosa." Safari hii hakuna aliyecheka.

Mwalimu akasogea mbele. "Wanangu, gazeti linaweza kukuchagulia mtu wa kumchukia kabla hujajua alichofanya. Likimwita mtu mhuni, ulizeni amefanya nini. Likimsifu mkubwa, ulizeni hivyo hivyo. Mtazame pia nani amepewa nafasi ya kusema na nani amenyimwa. Msiwe vipaza sauti vya watu."

Jioni Redio alimsimulia mama yote. Mama alikuwa akichambua nyanya, nzuri huku, zilizooza kule. Zilizooza ndizo zilikuwa nyingi.

"Umefanya vizuri, mwanangu. Nimekusamehe," alisema, na Redio akashusha pumzi.

"Kwa hiyo yamekwisha, mama?"

"Shuleni kwenu yamekwisha." Mama alitupa nyanya nyingine ndooni. "Wateja wangu hawasimami kwenye mistari yenu. Wao wana gazeti lile tu."